Mia Moja Chini ya Tisa

Msomaji, fungua kamusi yoyote, utaona ya kuwa neno "kabati" limetangulia neno "wa", ingawa la kwanza lina herufi sita na la pili lina mbili tu. Mpangaji wa kamusi hajali urefu wa neno. Hutazama herufi ya kwanza. Zikiwa sawa, huenda kwenye ya pili. Kanuni hiyo ni njema kwa maneno. Itumie kwa hesabu, nayo italeta vurugu, na vurugu hiyo ina historia yake, ambayo yakupasa kuijua ikiwa unajifunza kuandika programu za kompyuta.

Kompyuta haijui herufi. Hujua namba peke yake. Kwa hiyo mwaka 1963 lilitolewa huko Marekani jedwali liitwalo ASCII, lililoipa kila alama ya maandishi namba yake. Tarakimu 0 ilipewa 48, tarakimu 1 ikapewa 49, na kuendelea hata 9 iliyopewa 57. Angalia vema: ile 9 iliyoandikwa si tisa, ni picha ya tisa, na ndani ya mtambo picha hiyo ni 57. Ukiiambia kompyuta ilinganishe maandishi "100" na maandishi "9", itatazama alama za kwanza, yaani 49 na 57, itaona 49 ni ndogo, na shauri litakwisha hapo hapo.

Mimi mwenyewe yalinipata hayo. Katika chuo cha ualimu nilipofundisha, niliandika programu fupi kwa lugha ya Python ili ipange alama za mtihani wa hesabu, kubwa juu na ndogo chini. Alama zilisomwa kutoka faili, na kila kisomwacho kutoka faili huja kama maandishi. Nilisahau. Orodha ikaanza na 98, ikafuata 95, kisha 9. Na chini kabisa, baada ya watu wote, ikakaa 100. Watano wa mwisho walitakiwa kubaki wakati wa likizo kwa masomo ya ziada. Nikaibandika ukutani bila kuisoma. Jioni msichana mmoja alinijia, akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, samahani, naomba unionyeshe nilipokosea." Ndiye aliyepata mia kwa mia. Hakuja kushindana nami. Alikwisha amini ya kuwa kosa ni lake.

Watunzi wa lugha za kwanza walijaribu kutenga mambo haya mapema. Katika FORTRAN, iliyotolewa mwaka 1957 na John Backus na wenzake wa IBM, jina lililoanza na herufi kati ya I na N lilihifadhi namba kamili, na majina mengine yalihifadhi namba zenye sehemu. Mwandishi alijua tangu mwanzo ameweka nini ndani ya chombo gani. Baadaye zilikuja lugha zilizopenda kumrahisishia mwandishi kazi. Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitunga JavaScript kwa muda wa siku kumi. Baadhi ya watumiaji wa kwanza walimwomba awaruhusu kulinganisha namba na maandishi bila kugeuza chochote, naye akakubali. Miaka mingi baadaye alikiri hadharani ya kuwa anajuta. Ajabu yake ni hii: katika lugha hiyo, ukitumia alama ya usawa iliyoandikwa mara mbili, maandishi "0" ni sawa na namba 0, na maandishi matupu pia ni sawa na namba 0, lakini maandishi matupu si sawa na "0"! Mwaka 1999 kanuni za lugha hiyo zilikubali alama ya usawa ya mara tatu, ambayo hukataa kufananisha vitu vya aina mbili.

Python ya zamani ilikuwa na kituko kingine: kila namba ilihesabiwa kuwa ndogo kuliko maandishi yoyote, hata 100 mbele ya "9". Toleo la 3.0 la mwaka 2008 likaondoa jambo hilo. Ukiuliza ipi ni kubwa, programu husimama na kutangaza kosa. PHP nayo iliona neno lolote lisilo namba kuwa sawa na 0, hata toleo la 8 la mwaka 2020 liliporekebisha.

Lakini hakuna toleo ambalo lingeniokoa mimi, maana nililinganisha maandishi kwa maandishi, na kompyuta haikuona kosa lolote. Dawa yake ni kugeuza mapema: mara tu alama ilipoingia, ilipasa kuigeuza kwa amri ya int, na kama haigeuki, kwa mfano palipoandikwa "hakuja", niishughulikie kando. Ilikuwa kazi ya neno moja. Niliibandua orodha usiku ule ule, nikaandika nyingine, na asubuhi nikamwomba radhi msichana yule mbele ya wenzake.

Wala usigeuze kila kitu. Namba za simu za hapa Kenya huanza na sifuri; zigeuze kuwa hesabu, na sifuri ya mbele itapotea. Hakuna anayejumlisha namba za simu. Ziache ziwe maandishi.