Zege: Jiwe Linaloumbwa kwa Mkono wa Binadamu

Kila tunapoadhimisha kuasisiwa kwa hekalu letu, huwasifu waliotoa sadaka na waliotoa jasho. Safari hii tumeona ni vema tulikumbuke pia zege lililobeba kazi yao, kwa kuwa majirani wengi wa Kasulu na Kibondo nao wamo katika ujenzi.

Wazee wa Buha walijenga misonge kwa miti na nyasi. Baadaye yakaja matofali ya kuchoma, ambayo hadi leo ndiyo sura ya miji yetu. Lakini tanuri hula kuni, na ukuta wa matofali matupu, ingawa hubeba uzito vyema, haustahimili kutikiswa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba nyingi za ndugu zetu wa Kagera. Sisi nasi tumo katika ukanda uleule wa Bonde la Ufa la Magharibi.

Zege si jambo geni duniani. Warumi walichanganya chokaa, majivu ya volkano na mawe, na kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43, limesimama karibu miaka 1,900 bila nondo hata moja. Katika pwani yetu, mafundi wa Kilwa Kisiwani waliezeka Msikiti Mkuu kwa makuba ya chokaa na mawe ya matumbawe. Saruji ya leo ilipata hati yake Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin. Naye Mfaransa Joseph Monier mwaka 1867 alipata hati ya kutia chuma ndani ya zege. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikarahisisha safari ya vifaa vya viwandani; na tangu mwaka 1966 kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kimekuwa kikitengeneza saruji nchini mwetu.

Nguvu ya zege ina siri mbili. Kwanza, hustahimili mno kugandamizwa, lakini uwezo wake wa kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu. Kazi hiyo hufanywa na nondo, ambayo kwa bahati njema hutanuka kwa joto karibu sawa na zege lenyewe. Pili, zege haligandi kwa kukauka, bali kwa saruji kuungana na maji. Ndiyo maana fundi mwema hulimwagilia siku saba au zaidi, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Hata hivyo maji ya kuchanganyia yasizidi: mwaka 1918 Mmarekani Duff Abrams alionyesha kuwa kadiri maji yanavyozidi saruji, ndivyo zege linavyodhoofika.

Adui wa nondo ni kutu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1999, Wahindu wa kisiwa cha Kauai, Hawaii, waliojenga hekalu la Iraivan kwa nia ya kudumu miaka 1,000, walimwaga msingi usio na chuma, wakapunguza saruji na kutia majivu ya makaa ya mawe kwa wingi. Walirejea, kwa elimu mpya, kwenye njia ya Warumi.

Nyumba zetu zahitaji nondo, basi na zifunikwe vizuri. Saruji hutufikia milimani kwa safari ndefu na kwa bei kubwa, na kishawishi cha kupunguza mfuko mmoja, au kutumia mchanga wenye udongo, hakikosekani. Kasoro hiyo haionekani siku ya kuhamia. Huonekana nguzo inapopasuka juu ya vichwa vya watoto. Lipa na chokaa ya rangi huficha mengi, lakini msingi husema kweli. Waliotutangulia walitukabidhi kuta zilizosimama. Nasi tuwakabidhi wajao kuta za namna hiyohiyo, hekaluni na majumbani.