Bakteria Hupeana Usugu, Hawangoji Kuzaa

Wasee, stori tuliyofunzwa shule ni hii: dawa inaua bakteria dhaifu, mmoja sugu anabaki, anazaa watoto sugu. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu tu. Nusu ingine iligunduliwa Japani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuhara damu kuliwasumbua Wajapani sana. Walianza na dawa za salfa, na baada ya miaka michache zikawa hazisaidii. Wakaleta streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Halafu mwaka wa 1955 akapatikana shigela, yule bakteria wa kuhara damu, ambaye hakuuawa na yoyote kati ya hizo nne. Manze, dawa nne kwa mpigo!

Kuna kitu kingine hakikuingia akilini. Mgonjwa mmoja angepatikana na shigela sugu na shigela dhaifu ndani ya tumbo moja. Na E. coli, anayeishi tumboni kwa karibu kila mtu, pia alikuwa sugu. Mwaka wa 1959 Ochiai na Akiba, kila mmoja na timu yake, wakachanganya E. coli sugu na shigela dhaifu. Wakapata shigela sugu. Yaani usugu ulitoka kwa jirani, si kwa mzazi.

Kilichopeanwa ni plasmidi, kipete kidogo cha DNA kilicho kando na DNA kuu ya bakteria. Wawili wakigusana, nakala inapita. Ni kama kutumiana video: umenitumia, na yako bado unayo. Na kipete kimoja kinaweza kubeba jeni za kushinda dawa kadhaa, kwa hivyo dawa moja tu ikitumiwa ovyo, usugu wa zote unasambaa.

Mwaka wa 1983 Hughes na Datta, Uingereza, walichunguza bakteria waliohifadhiwa kati ya 1917 na 1954. Plasmidi za kupeana zilikuwepo tayari, lakini hazikuwa na jeni za kushinda antibaiotiki. Barabara ni ya kitambo. Mzigo umeongezeka enzi yetu ya dawa.

Mimi pia nimewahi kununua vidonge vinne vya antibaiotiki juu ya homa ya kawaida, bila kupimwa. Nilijiambia ni mwili wangu na pesa zangu. Kumbe bakteria wa tumbo langu wanaweza kumpa usugu bakteria atakayemlaza mtoto wa jirani, ambaye hata hajawahi kumeza kidonge.

Wewe mara ya mwisho ulipimwa kwanza, ama ulinunua tu?