Nani Yumo Katika Hesabu? Kupima Tiba ya Akili kwa Wafanyakazi wa Changamwe

Waajiri huambiwa kwamba mfanyakazi akijaza PHQ-9, hojaji ya dalili za unyogovu, kabla ya ushauri nasaha, akaijaza tena baada ya majuma kadhaa na alama zikashuka, basi tiba imethibitika. Makala hii inaikataa hoja hiyo. Hojaji haina kosa. Maswali yake tisa yametumika duniani tangu 2001. Kosa liko katika kuamua nani ahesabiwe. Mtu hutafuta msaada akiwa amezidiwa, na wengi waliozidiwa hupata nafuu kadiri siku zinavyopita, awepo mshauri au asiwepo. Waliokata tamaa nao hawarudi kujaza hojaji ya pili.

Ushahidi mzito unatoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ambako karibu wafanyakazi 5,000 waligawanywa kwa kura: wengine wakaalikwa katika mpango wa afya kazini, wengine wakaachwa nje. Jones, Molitor na Reif walichapisha matokeo mwaka 2019. Waliojiunga walionekana bora kuliko wasiojiunga, lakini walikuwa hivyo hata kabla ya mpango kuanza. Gharama zao za matibabu zilikuwa ndogo tangu awali. Makundi yaliyogawanywa kwa kura yalipolinganishwa, gharama za matibabu na utoro kazini havikutofautiana kwa namna ya kutegemewa. Ni kweli kwamba mpango ule ulihusu afya kwa jumla, si tiba ya unyogovu. Hata hivyo, mtego ni uleule: anayejitokeza si sawa na asiyejitokeza.

Changamwe, Mombasa, mtego huo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa kazi nyingi za yadi za kontena na malori hutegemea vibarua. Agizo la serikali la 2019 la kusafirisha mizigo ya bandari kwa reli hadi Nairobi liliwapunguzia watu hao kazi, na Septemba 2022 likaondolewa. Mpango wa ushauri ulioanza 2019 ungeonekana umeshindwa, na ulioanza mwishoni mwa 2022 ungeonekana umefaulu, pasipo mshauri yeyote kubadilisha lolote. Kibarua aliyeachishwa, ambaye huenda ndiye mwenye dhiki kubwa kuliko wote, hayumo kabisa katika takwimu.

Suluhisho ni kura kama ile ya Illinois. Wapo wanaosema kwamba kuwaacha wagonjwa bila tiba kwa ajili ya utafiti ni ukatili. Lakini washauri ni wachache na foleni ipo tayari. Kura huamua tu nani aanze na nani afuate, na mwenye hatari ya kujidhuru hahusishwi na kura, hupelekwa hospitalini mara moja. Jijini Nairobi, utafiti wa Bryant na wenzake wa 2017 uliwagawa kwa kura wanawake 421 waliopitia ukatili wa kijinsia. Vikao vitano vya wahudumu wa afya ya jamii vilipunguza dhiki yao kuliko huduma ya kawaida. Kwa hiyo tiba hufaa, na Kenya ina uwezo wa kuipima sawasawa. Mwajiri wa Changamwe, Likoni au Kisauni asitie sahihi mkataba usio na kundi la kulinganisha, wala ule usiowafuatilia vibarua hata baada ya kuachishwa kazi.