Giaboksi za Helikopta na Mitandao ya Neva: Funzo la Bahari ya Kaskazini, 1986–2016

Tarehe 6 Novemba 1986, helikopta aina ya Chinook iliyowabeba wafanyakazi wa visima vya mafuta ilianguka karibu na Sumburgh, Shetland. Kati ya watu 47 waliokuwamo, 45 walifariki. Uchunguzi ulibaini kwamba gia moja ya giaboksi ya mbele ilipasuka kutokana na uchovu wa chuma, rota mbili zikapishana mwendo na kugongana. Injini moja ikizimika, nyingine husaidia. Giaboksi haina mbadala.

Mwezi mmoja kabla ya ajali hiyo, Rumelhart, Hinton na Williams walichapisha katika jarida la Nature njia ya kuifunza mitandao ya neva bandia kutokana na makosa yake. Insha hii inadai kwamba historia hizi mbili zilipokutana, kikwazo kikubwa hakikuwa hesabu, bali upatikanaji wa ushahidi wa kujifunzia.

Kuanzia 1991, helikopta za Bahari ya Kaskazini zilianza kufungwa mifumo ya kufuatilia mitetemo. Msingi wake ni rahisi: gia yenye meno 40, ikizunguka mara 50 kwa sekunde, hutoa mtetemo wa mara 2,000 kwa sekunde. Jino likipata ufa, mpangilio huo huvurugika. Katika miaka ya 1990, watafiti walifunza mitandao ya neva kwa mitetemo ya giaboksi za CH-46 za Marekani zilizotiwa hitilafu makusudi, nayo ikaweza kutofautisha gia nzima na mbovu. Hata hivyo, majaribio hayo yalifanyika karakanani. Angani, mzigo na mwendo hubadilika kila mara.

Ajali mbili zilidhihirisha pengo hilo. Mwaka 2009, Super Puma ilianguka karibu na Peterhead, Scotland, ikaua watu wote 16. Mwaka 2016, EC225 ilianguka Turøy, Norway, ikaua wote 13. Zote zilikuwa na mifumo ya mitetemo, na zote zilivunjikiwa gia ndogo inayozunguka ndani kabisa ya giaboksi. Vihisi vilifungwa kwenye ganda la nje, na mitetemo haikutoa onyo.

Mtandao wa neva hauwezi kutambua ishara isiyofika kwenye kihisi, wala kujifunza hitilafu ambayo haijawahi kurekodiwa. Kwa hiyo, historia ya teknolojia hii isihesabiwe kwa ubora wa programu pekee. Tuulize pia kihisi kiliwekwa wapi, na mifano ya kufundishia ilitoka wapi.