Flower Msuya: mwalimu aliyefundisha ndani ya maji

Ukifika Micheweni, Pemba, siku za bamvua, maji yakishakupwa utawaona kina mama wameinama baharini, wanafunga mwani kwenye kamba. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake.

Kuna aina mbili: spinosamu, na kotonii yenye bei nzuri zaidi. Tatizo ni kwamba kotonii haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yakipata moto, inapauka, inaoza na kukatika. Unguja ilianza kushindwa mapema, Pemba ikabaki tegemeo.

Hapo ndipo anapoingia Dkt. Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Angeweza kuishia kuandika makala za kitaalamu tu, sivyo? Yeye mwaka 2006 alianzisha mpango wa kuwakutanisha wakulima, watafiti na serikali. Akawafundisha kina mama kwa nini mwani unakufa, jinsi ya kuusaga na kutengeneza sabuni badala ya kuuza mkavu kwa bei ya kutupa, na jinsi ya kuupanda ndani ya nyavu kwenye kina kirefu, ambako maji ni ya baridi kidogo.

Lakini kina kirefu kinataka mashua na kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Kwa hiyo, msomaji, kujua sababu ya mwani kufa ni nusu tu ya somo. Nusu nyingine ni kumwezesha mkulima kuufuata huko ulikohamia.