Mwalimu Asiye na Darasa na Safari ya Shahada ya Masafa

Katika semina za shahada yangu ya uzamili, ambazo tunazifanya mtandaoni jioni za siku za kazi, kuna kauli inayorudiwa mara kwa mara: kwamba kusoma chuo kikuu bila kufika chuoni ni jambo lililoletwa na UVIKO-19. Wenzangu wanaosema hivyo wana sababu. Shule na vyuo vya Uganda vilifungwa Machi 2020, na shule hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Wengi wetu tulisikia neno "mtandaoni" likihusishwa na masomo kwa mara ya kwanza wakati huo. Hata hivyo kauli hiyo si sahihi, na katika insha hii nitaeleza kwa nini. Shahada ilianza kutoka darasani zaidi ya miaka 160 iliyopita. Ilifika Afrika Mashariki kwa posta na redio kabla ya intaneti. Na kadiri ninavyoisoma historia hii, ndivyo ninavyoona kwamba jambo gumu ndani yake ni nani anayehesabiwa kuwa mwalimu, kuliko chombo kinachobeba somo.

Jambo hilo linanihusu mwenyewe. Mimi si mwalimu wa shule. Ninafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Wanafunzi wangu wengi ni akina mama kutoka Kongo na Burundi, nasi tunaelewana kwa Kiswahili. Tunakaa chini ya mti. Mvua ikinyesha tunahamia baraza la kanisa. Kwa hiyo msomaji ajue kwamba ninaiandika historia hii nikiwa na upande.

Tuanze London. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilipata hati mpya ya kifalme iliyokiruhusu kumtahini mtu bila kujali alisomea wapi. Wanawake walisubiri hadi 1878 ndipo wakaruhusiwa kupata shahada zake. Mwaka 1865 mitihani ilianza kufanyika nje ya Uingereza, na Mauritius, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Chuo hakikuwafundisha watahiniwa hao. Kilitoa silabasi, kikatunga mtihani, kikasahihisha. Namna ya kujiandaa ilikuwa juu ya mtahiniwa na mfuko wake. Kusini mwa Afrika, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilikwenda hatua moja mbele mwaka 1946 kilipoanza kufundisha kwa posta. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kupitia chuo hicho mwaka 1989 akiwa bado kifungoni. Mfano huo hutajwa sana kuonyesha nguvu ya elimu ya masafa, nami naukubali, ila unaonyesha pia kwamba mfumo huo uliwekwa kwa ajili ya mtu anayeweza kusoma peke yake, asiyehitaji mwenzake.

Kwetu mambo yalianza kwa njia nyingine. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na London. Vijana waliokaa madarasani Kampala wakawa wanapokea shahada za London. Kisha mwaka 1953 Makerere ikafungua Idara ya Masomo ya Nje ya Chuo. Wakufunzi walitoka chuoni wakawafuata watu wazima walikokuwa, wakaendesha kozi za jioni na za mwisho wa juma kwa makarani, walimu, watumishi wa serikali za mitaa na yeyote aliyetaka kujua uchumi, siasa au historia. Ilikuwa desturi waliyoitoa vyuo vya Uingereza: mtu mzima asome kwa sababu anapenda kujua.

Nawaheshimu sana wakufunzi wale. Lakini kozi zao hazikumpa mtu shahada. Aliyehudhuria miaka mitano chini ya taa ya karabai alibaki na daftari lake na heshima ya wenzake. Aliyekaa miaka mitatu mlimani Makerere aliondoka na karatasi iliyobadilisha mshahara wake. Tangu mwanzo basi, elimu ya nje ya chuo na cheti cha chuo viliwekwa katika vyumba viwili tofauti.

Mwaka 1960 tawi la idara hiyo lilifunguliwa Dar es Salaam, na kutoka tawi hilo ikakua Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania, iliyopewa sheria yake mwaka 1975. Wanafunzi wa Tanzania husoma habari za taasisi hiyo kama jambo la kwao tu, na sisi wa Uganda tumesahau kwamba mbegu ilitoka huku. Mwaka 1961 Chuo cha Kivukoni nacho kilifunguliwa kwa ajili ya watu wazima, kikifuata kwa kiasi mfano wa Ruskin College ya Oxford.

Elimu kwa njia ya posta iliingia Makerere mwaka 1967, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na kitengo cha namna hiyo mwaka uliofuata, kwa msaada wa Marekani. Nairobi ilichanganya vitabu vilivyochapishwa, vipindi vya redio na kazi zilizosahihishwa na kurudishwa kwa posta. Waliolengwa hasa walikuwa walimu wa shule za msingi waliotaka kupanda daraja. Uamuzi huo ulieleweka: uhuru ulikuwa umefungua shule nyingi kuliko walimu waliokuwapo. Ila matokeo yake ni kwamba elimu ya masafa Afrika Mashariki ilizoea mapema kumtazama mwalimu wa darasani kama mteja wake. Miaka ya Idi Amin ilidhoofisha mengi upande wetu, nami sitakaa hapo.

Nitakaa zaidi Tanzania ya miaka ya 1970, kwa kuwa hapo ndipo mwelimishaji asiye na darasa alipoonekana kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote katika ukanda huu. Mwalimu Nyerere alitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 redio ilirusha vipindi kuhusu malaria, kichocho, kuhara na usafi wa maji, na watu wapatao milioni mbili wakakutana katika vikundi vijijini kusikiliza, kusoma kijitabu, kujadili na kisha kuamua la kufanya. Walichimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka majani karibu na nyumba. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai.

Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake. Jumla yao ilikuwa makumi ya maelfu: wakulima, makatibu wa vijiji, walimu, vijana waliomaliza darasa la saba. Walifunzwa kwa siku chache namna ya kuongoza mjadala, kumpa nafasi mtu mkimya na kuhitimisha kwa azimio. Mtu aliyewahi kukaa na watu wazima 20, kila mmoja na uzoefu wake na ukaidi wake, anajua kwamba hiyo ni kazi ya ualimu kwa maana kamili. Kampeni zikaisha. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa takribani theluthi mbili mwaka 1967, walipungua mno kufikia katikati ya miaka ya 1980. Wapo wanaozitilia shaka takwimu hizo, na mjadala huo una haki yake. Mimi ninajiuliza kuhusu wale viongozi wa vikundi. Hawakuwekewa ngazi ya kupanda. Ujuzi walioupata ulirudi nao shambani.

Sasa nirudi Uganda, kwenye miaka miwili ambayo kwangu ndiyo kiini cha insha hii. Mwaka 1991 Makerere ilianzisha shahada zake za kwanza za nje: Shahada ya Elimu kwa walimu waliokuwa na stashahada, na Shahada ya Biashara. Wanafunzi walisoma vitabu nyumbani na kufika chuoni kwa vipindi vifupi vya ana kwa ana. Mwaka 1992, serikali ikaanzisha mpango wa kisomo chenye manufaa kwa watu wazima, unaojulikana kwa kifupi chake cha FAL, ukianzia wilaya nane. Walimu wake walikuwa watu wa kujitolea kutoka vijijini.

Mambo haya mawili yalizaliwa karibu mwaka mmoja, katika nchi moja, na yote yaliwahusu watu wazima wanaosoma wakiwa kazini. Yangeweza kukutana. Hayakukutana kwa sababu mpango wa FAL uliwekwa chini ya wizara inayoshughulikia jinsia, kazi na maendeleo ya jamii, ilhali shahada ya nje ilikuwa jambo la elimu ya juu. Mwalimu wa shule ya msingi Mbarara angeweza kupanda kutoka cheti hadi stashahada hadi shahada bila kuacha kazi. Mwalimu wa FAL katika wilaya hiyohiyo alikuwa, kwa hesabu za ofisi, mfanyakazi wa kujitolea wa maendeleo ya jamii. Hakuwa na namba ya ualimu, na asiye na namba hana daraja la kupandishwa. Jambo hili hutajwa kwa ufupi katika ripoti za kisomo, kana kwamba ni suala la utawala tu. Kwa maoni yangu ndilo lililoamua maisha ya watu wengi kuliko mtaala wowote.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992 na kuzinduliwa Januari 1994, kikiongozwa na Profesa Geoffrey Mmari. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichorusha mihadhara kutoka ng'ambo kwa setilaiti. Makerere ilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyopokea. Mwanafunzi alikaa mbele ya skrini akimsikiliza profesa aliyekuwa bara lingine, hivyo bado alilazimika kufika ukumbini. Kilichobadilisha hali kwa kweli ni nyaya za chini ya bahari. SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, na sisi tusio na bahari tukaupata mtandao huo kupitia kwa majirani. Baada ya hapo simu ya mkononi ikaanza kutosha. UVIKO ulikuta njia imekwisha kuchongwa. Ulichofanya ni kulilazimu Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kutoa mwongozo wa dharura na vyuo kuufuata.

Ndipo tunapofika kwenye shahada ya uzamili kama ninayoisoma, inayompokea mtu anayeelimisha nje ya darasa. Katika kundi letu yumo muuguzi anayewafunza wahudumu wa afya wa vijiji, yumo bwana shamba, yumo askari magereza anayefundisha wafungwa, na dada mmoja anayeongoza vikundi vya kuweka akiba. Kabla ya hapa hakuna kati yetu aliyewahi kuitwa mwalimu katika hati yoyote rasmi. Tunasoma nadharia za ujifunzaji wa watu wazima usiku, na asubuhi tunazijaribu. Muuguzi yule alipinga nadharia moja mbele ya mhadhiri kwa kutumia mfano wa akina mama wanaokataa kukaa kwa duara mbele ya wakwe zao, na mhadhiri akakubali kwamba kitabu hakikuwafikiria. Mazungumzo ya namna hiyo mfumo wa London wa 1858 haukuyawezesha.

Hata hivyo ule mgawanyo wa zamani wa vyumba viwili haujaondoka. Fomu yetu ya mazoezi ya kazi ilitaka jina la shule, idadi ya madawati na mhuri wa mwalimu mkuu. Mimi sina dawati hata moja. Nilipeleka mhuri wa mwenyekiti wa kijiji chetu cha makazi, ukakataliwa. Baada ya barua mbili na karibu muhula mzima, ukakubaliwa kwa "hali ya pekee". Askari magereza naye alipata hali ya pekee. Bwana shamba vilevile. Katika kundi la watu 14, wenye hali ya pekee tulikuwa tisa.

Kuna pia gharama. Julai 2021 Uganda iliweka kodi ya asilimia 12 kwenye data ya intaneti, badala ya ile ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018. Sheria ilitaja msamaha kwa huduma za elimu na tiba, lakini mimi ninaponunua bando kwa wakala sokoni hakuna anayeniuliza kama ni la semina au la kutazama mpira. Na kuna lugha. Ninafundisha kwa Kiswahili, ninaandika taarifa za mazoezi kwa Kiingereza, na maneno ambayo wanafunzi wangu hutumia kueleza namna walivyojifunza hupungua uzito njiani. Taasisi ya Dar es Salaam ilifanya kazi hiyo kwa Kiswahili tangu miaka ya 1970, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba haiwezekani.

Kwa tasnifu yangu nimeomba kuandika historia ya walimu wa FAL wa Isingiro na wilaya jirani: walichaguliwaje, walifunzwa nini, na wangapi waliendelea na masomo yoyote baadaye. Msimamizi wangu ameuliza nitapata wapi nyaraka, maana hawamo katika rejista za walimu. Nimeanza kukusanya madaftari yao ya mahudhurio. Mpaka sasa ninayo 17, mengi yameliwa pembe na panya, na wazee wawili wamekubali kuhojiwa baada ya mavuno.