Ubongo Wangu Ulikuwa Ukihesabu Mandazi

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, ambao haukupangwa uwe wa mwisho, nilikosa hedhi kwa miezi mitano. Karo ilikuwa imekwama. Vibarua vya kuandikia watu makala vililipa kidogo, tena kwa kuchelewa. Chakula changu cha siku kilikuwa strungi na mandazi mawili, na jioni nikibahatika, madondo. Sketi zangu zote zilishikwa na pini.

Kliniki niliyoenda walinipima mimba. Hakuna. Mwezi uliofuata wakanipima tena, na muuguzi akaniangalia kama mtu anayeficha kitu. Hakuna aliyeniuliza ninakula nini. Mama naye alinipigia simu usiku: "Niambie tu ukweli, mwanangu, sitakugombeza." Nilikuwa na miaka 21. Nililia, kisha nikacheka, maana hata boyfriend sikuwa naye.

Jibu lilinijia baadaye, nilipopewa kazi ya kuandika kuhusu Vita vya Pili vya Dunia, nikaangukia kile ambacho Waholanzi wanakiita Baridi ya Njaa. Septemba 1944, serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London iliwaita wafanyakazi wa reli wagome. Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi wakalipiza kwa kuzuia chakula kufika magharibi, kwenye miji kama Amsterdam na Rotterdam. Mgao wa mtu mzima ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, kisha ukaendelea kushuka. Watu walichimba mizizi ya maua ya tulip wakaila. Takriban watu 20,000 walikufa.

Lakini kilichonifanya niweke simu chini ni habari ya waliobaki hai. Wanawake wengi waliacha kupata hedhi. Miezi tisa baada ya kilele cha njaa, idadi ya watoto waliozaliwa katika miji hiyo ilishuka chini ya nusu ya kawaida. Nchi ilipokombolewa Mei 1945 na chakula kikarudi, mimba nazo zikarudi. Waholanzi walikuwa wameandika yote, mgao wa chakula kwenye daftari moja na vizazi kwenye lingine, kwa hivyo watafiti waliweza kuyalaza kando kwa kando na kusoma.

Na si ati ni mambo ya wanawake pekee. Wakati huohuo, kule Minnesota, Marekani, wanaume 36 waliokataa kupigana vitani kwa sababu ya dhamiri walikubali kulishwa kidogo kwa miezi sita, chini ya mtafiti Ancel Keys, ili ijulikane jinsi ya kuwarudisha watu waliokumbwa na njaa. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Hamu ya mapenzi ikawaisha. Baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi.

Sasa, mayai ya mwanamke yanajuaje kuwa sahani iko tupu?

Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo kama lozi, haipothalamasi. Ndiyo inayosimamia njaa, kiu na joto la mwili. Mwingereza Geoffrey Harris ndiye aliyeshikilia kwamba sehemu hii huiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini yake, kwa kemikali zinazopita kwenye damu. Wengi walitaka kuziona kwanza. Roger Guillemin na Andrew Schally, waliowahi kufanya kazi pamoja Houston kisha wakawa mahasimu, walitumia miaka mingi wakisaga bongo za wanyama kutoka machinjioni, Guillemin za kondoo, Schally za nguruwe, kwa malaki. Mwaka 1971 kundi la Schally lilitangaza muundo wa homoni inayoanzisha safari ya uzazi, na kundi la Guillemin likafuata. Mwaka 1977 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel, pamoja na Rosalyn Yalow.

Homoni hiyo hutoka kwa mapigo, kama ngoma. Mapigo yakienda sawa, pituitari huamsha ovari, au korodani kwa mwanamume. Yakipungua, yai haliachiliwi na hedhi hukatika.

Anayeipunguza ngoma alijulikana kupitia panya wanene. Maabara moja Bar Harbor, Marekani, ilikuwa na panya wasioshiba, na ambao pia walikuwa tasa. Douglas Coleman aliwaunganisha na panya wa kawaida wakashiriki damu, na wale wanene wakapunguza kula. Kwa hivyo kulikuwa na kitu ndani ya damu walichokikosa. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman, New York, likapata jeni yake. Kitu chenyewe kikaitwa leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuipasha haipothalamasi habari kuhusu akiba iliyopo. Miaka miwili baadaye Rexford Ahima, daktari mzaliwa wa Ghana, na wenzake waliwanyima panya chakula huku wakiwadunga leptini. Mzunguko wa uzazi wa majike, ambao njaa huuchelewesha, haukucheleweshwa hivyo. Tumbo lilikuwa tupu, lakini ubongo uliambiwa akiba ipo.

Hedhi hukosekana kwa sababu nyingi, kwa hivyo usisome hapa ukajitibu. Lakini kwangu mimi mambo yalioana. Nilipopata kazi yenye mshahara na kuanza kula mara tatu kwa siku, siku zangu zilirudi baada ya miezi michache. Mwili wangu ulikuwa umekata hesabu ambayo mimi nilikuwa naona aibu kuitaja.

Nilimpigia Mama nikamsimulia yote, Waholanzi na panya na leptini. Akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Na mbona hukuniambia huli?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi hiyo dereva wa matatu alinipigia nikachukue mzigo stendi. Ulikuwa maharagwe, debe nzima.